Namba za Pipi

Machi 18

Mdogo wangu Pipi anakuja kesho. Mama amefua mapazia aliyoyafua wiki iliyopita, halafu amenihamisha chumbani kwangu bila kuniuliza. "Wewe lala kwenye kochi, si yamejaa humu ndani?" Ni kweli yamejaa. Mvua zikikaribia siwezi kuacha makochi ya wateja wangu kibarazani, kwa hiyo sebule yetu ina seti tatu na hakuna hata moja iliyo yetu. Nitalala kwenye lile la kijani la mwenye duka la dawa. Springi moja imechomoza katikati. Itabidi nijikunje kuizunguka.

Machi 19

Amefika. Masanduku mawili kwa likizo ya wiki mbili. Majirani walikuja kumwona "mtangazaji wetu", watoto wakamwomba aseme ile salamu yake ya asubuhi, naye akaisema kwa ile sauti yake ya asali, watu wakapiga makofi. Mama alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi nilikuwa nang'oa misumari mgongoni mwa kochi. Nikaendelea kung'oa.

Machi 20

Mvua imeanza.

Machi 22

Mama huwasha redio kabla ya kuwasha jiko. Kila siku ya kazi naanza kukata kitambaa huku sauti ya mdogo wangu ikijaa nyumba nzima, akiwatakia heri watu asiowajua. Wiki hii redio imezimwa kwa kuwa mwenyewe yupo, na kelele zimeongezeka.

Mtaani Mama anaitwa Mama Pipi. Mimi ndiye kifungua mimba, mimi ndiye niliyemfanya awe mama wa mtu, lakini sijasikia mtu akimwita kwa jina langu. Mama mwenyewe ananiita Fundi, kama mteja aliyekuja kuuliza kochi lake limefikia wapi.

Leo Pipi alitaka kunisaidia. Nikampa mkasi, akakata kitambaa kikapinda kama njia ya mlevi. Mama akasema, "Muone alivyojitahidi." Kitambaa kile kilikuwa cha mto mkubwa. Sasa kitakuwa cha mito midogo.

Machi 25

Leo mwalimu mkuu wa shule iliyo juu ya mtaa wetu alikuja kuona viti vya ukumbi nilivyovirudishia sponji. Alikalia kimoja, akahamia kingine, akakalia kama vinne hivi, mwisho akasema hajawahi kuona kona zilizokunjwa vizuri namna ile. Nilihifadhi maneno yake nimsimulie Mama wakati wa chakula.

Tulipokaa tu, Pipi akasukuma sahani. Tumbo linamuuma, hapa karibu na kitovu. Mama akaacha kula, akaenda kuchemsha maji. Alipokuwa mdogo ilikuwa hivi hivi: siku yangu ikifika, yeye anaumwa. Nilikula peke yangu. Kona za viti sikumsimulia mtu.

Machi 26

Maumivu yamehamia upande wa kulia, chini. Ametapika mara mbili. Tumekwenda zahanati, Mama na Pipi wakitangulia wameshikana, mimi nyuma nikiwashikia mwavuli. Mwavuli unatosha watu wawili. Mimi nilikuwa wa tatu.

Tabibu alimbonyeza tumbo, Pipi akaruka. Akamtoa damu. Majibu yalipokuja alitueleza taratibu, kwa kuwa Mama haachi kitu mpaka akielewe. Chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, zimepanda kidogo tu. Kuna kipimo kingine kinaitwa CRP, ni protini inayopanda mwilini kukiwa na uvimbe au vijidudu, nayo iko karibu na kawaida.

"Kwa hiyo si kidole tumbo?" Mama akauliza.

"Sijasema hivyo, mama. Chembe nyeupe huwahi kupanda. CRP ni nzito kuamka, inaweza kuchukua nusu siku au zaidi. Damu ya leo haijasema ndiyo wala haijasema siyo. Rudini kesho asubuhi tupime tena tuone inaelekea wapi. Na usiku akizidiwa, msinisubiri mimi, nendeni hospitali kubwa."

Kurudi nyumbani bega langu moja lilikuwa limelowa chapachapa. Hakuna aliyeliona.

Machi 27

Pipi ameamka anatabasamu. Anasema maumivu yameondoka ghafla alfajiri, kama mtu aliyeondolewa gunia mwilini. Mama alishukuru kwa sauti mpaka jirani akaitikia.

Nje ilikuwa inamwagika. Mama akasema twende tukarudie kipimo. Pipi akasema, "Dada, sindano ya nini tena na mimi nimepona?" Nami nikadakia upesi, "Humu ndani hakuna mgonjwa. Kulikuwa na mtu anadeka." Wote wawili tukacheka. Mama akasita, akatazama mvua, akavua viatu.

Nimefanya kazi vizuri leo. Nilikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilikuwa ya kuona nilikuwa sahihi.

Machi 28

Niandike yote, maana sina usingizi.

Asubuhi nilisikia meno yakigongana. Pipi alikuwa amejikunja kitandani kwangu, anatetemeka, mwili wa moto, macho yameingia ndani. Nilimgusa tumbo. Lilikuwa gumu kama ubao ninaofungia springi. Nikamwita jina lake lote, lile la cheti, akajaribu kujibu, sauti haikutoka. Sauti ile inayosikika mikoa yote haikufika hata kwenye sikio langu.

Wakati huo huo mwenye duka la dawa alikuwa amekuja na pikapu kuchukua kochi lake la kijani. Lilikuwa limeshapandishwa nyuma. Nilimbeba Pipi mgongoni nikamlaza juu yake, tukafunika turubai, Mama akakaa kichwani, mimi miguuni. Ndivyo mtangazaji wetu alivyopelekwa hospitali: amelala kwenye kochi, mvua ikipiga turubai, na mwenye kochi akiendesha huku akisema, "Kochi si kitu, kochi si kitu," bila mtu kumuuliza.

Daktari wa upasuaji ni mwanamke mfupi. Anapanda kibao ili afike vizuri kitandani. Alibonyeza mara moja tu. Akaja kijana mwenye koti jeupe akatoa damu. Manesi wanamwita Mbu, naye anaitika. Majibu yalirudi haraka. Chembe nyeupe elfu kumi na tisa. CRP mia mbili arobaini. Na kitu kinaitwa bilirubini, ile rangi ya njano inayotoka kwenye ini, nacho kimepanda.

"Hiki cha mwisho kikipanda pamoja na wenzake," daktari akasema, "na tumbo likiwa gumu hivi, nashuku kidole tumbo kimeshapasuka. Anaingia upasuaji sasa hivi."

"Lakini jana alikuwa amepona," Mama akasema. "Maumivu yaliisha kabisa."

"Ndiyo. Kilikuwa kimejaa kama puto. Puto likipasuka, ule mvutano unaisha, mtu anapata nafuu ya muda. Kumbe uchafu umemwagika tumboni."

Mama aligeuka akanitazama. Mimi na Pipi tulicheka wote jana, lakini aliyesema "anadeka" ni mimi.

Walimwingiza. Nesi akaleta fomu ya kukubali upasuaji, Mama akanisogezea, sahihi nikatia mimi. Tukakaa kwenye benchi la korido. Baadaye nikahisi kitu kizito begani: kichwa cha Mama. Akasema, "Mwanangu, usiniache peke yangu." Mwanangu. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Nilikuwa na hofu, lakini ndani ya hofu hiyo palikuwa na sehemu ndogo yenye joto, kama mahali paka alipolala akaondoka. Nimeona niandike na hilo.

Machi 29

Ametoka. Yuko hai. Ana mpira puani, mwingine tumboni, dripu mikono yote miwili.

Machi 30

CRP imepanda: 275. Mama alipiga ukelele wodi nzima ikageuka. Daktari Mfupi akamshika mikono: kisu chenyewe kinauchokoza mwili, siku mbili tatu za kwanza namba hupanda hata kama mambo yanakwenda sawa. "Tusiogope namba moja, mama. Tuangalie mwendo wake."

Tangu hapo Mama haulizi "hali yake vipi". Anauliza, "Leo ngapi?"

Machi 31

250. Tunalala hapa hapa, Mama na mimi, kwenye mkeka mmoja kwenye kibaraza cha ndugu wa wagonjwa. Kunanyesha bila kupumua. Tunakula kutoka bakuli moja. Mchana Mama aliniambia kwamba nilizaliwa na nywele nyingi hivi kwamba mkunga alizichana kwanza ndipo akamkabidhi. Nina umri huu wote na sijawahi kuisikia habari hiyo. Nikamwomba airudie. Akairudia.

Aprili 1

180. Wanawake wa wodini sasa wote wanaijua namba ya Pipi. Mbu akipita na kisanduku chake cha vichupa, yule bibi wa kitanda cha mlangoni anamwuliza, "Jana ilishuka, leo mtatupa nini?" Mama mdogo, ndugu yake Mama, naye anairusha kwenye kundi la familia la simu: "MIA NA THEMANINI!!!" na mikono ya kushukuru mistari miwili. Binamu aliye ng'ambo akauliza ni kura za nani.

Aprili 2

120. Pipi ametolewa mpira wa puani. Neno lake la kwanza: "Mama." Mama akakimbia. Alikuwa ameegemea begani kwangu. Aliponyanyuka sikuwa nimejiandaa, nikayumba.

Aprili 3

Kituo cha redio kimemtumia salamu hewani. Nesi akaleta simu yake, wodi nzima ikasikiliza wasikilizaji wakimpa pole, wengine wanalia kabisa. Mama alikuwa anang'aa kama sufuria mpya. Alinigeukia. Nikadhani ataniambia kitu. Akasema, "Fundi, nenda nyumbani kamletee ndala zake zile laini."

Fundi. Tumesharudi huko.

Nilikwenda, mvua juu yangu. Nyumbani maji yameingia kwa chini ya mlango, sponji za viti vya mwalimu mkuu ambavyo sijamaliza zimenyonya mpaka katikati. Nilizikamua moja moja, nikazisimamisha ukutani, nikachukua ndala, nikarudi. Nilipofika Mbu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anamfundisha Pipi kushika pamba mkononi, wanacheka. Mimi Mbu huniambia "pisha kidogo, dada." Nikaweka ndala chini. Mama akasema hizi sizo, ni zile za bluu.

Roho imeniuma leo. Sina neno jingine la kulipamba.

Aprili 4

95. Daktari Mfupi anasema ikiendelea hivi, siku chache tu anaruhusiwa.

Mama ameshapanga. Pipi akitoka, atakwenda naye mjini kwake amuuguze. "Miezi miwili, hata mitatu. Fundi ana kazi zake, hana shida." Alimwambia bibi wa mlangoni, si mimi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na bakuli mkononi.

Nimekaa kibarazani nimefikiri. Namba ilipokuwa juu nilikuwa mwanangu, nilikuwa na bega, nilikuwa na nywele nyingi siku niliyozaliwa. Kila inavyoshuka narudi kuwa mtu wa kutumwa ndala. Leo nilijikuta natamani namba isimame hapo hapo ilipo. Sitaki Pipi afe. Nikifikiria hilo tu mikono inaingia baridi. Nilitamani tu isishuke upesi. Ibaki juu kiasi cha Mama kuhitaji pa kuegemea.

Nimeandika, sitafuta.

Aprili 5

Sikwenda hospitali. Nimeshinda nikikausha sponji kwa pasi. Zinanuka.

Aprili 6

Mama mdogo alikuja nyumbani mapema, hata viatu hakuvua. "Homa imerudi. Namba imepanda."

160. Juzi ilikuwa 95.

Nilifika wodini nikamkuta Pipi amegeukia ukutani, hataki maji, hataki mtu. Mama amesimama tu katikati ya vitanda na kanga imemteleza begani. Aliponiona alinidondokea kwa uzito wake wote. Nilimshika. Na nilichohisi sikukitarajia: sikuutaka uzito ule. Bega lile nililokuwa naliringia, nilitamani asilihitaji, nilitamani anitume ndala, za bluu, nyekundu, za rangi yoyote.

Nilimkalisha Mama kwenye kiti, nikatoka. Mbu alikuwa mwisho wa korido anabandika majina kwenye vichupa. Sijui kwa nini nilimwendea yeye.

"Nikuulize kitu usinicheke."

"Uliza, dada."

"Mtu akitamani namba ya mgonjwa isishuke, inaweza kupanda?"

Aliacha kubandika. Hakuuliza ni mtu gani.

"Ini halina masikio," akasema. "Hiyo CRP inatengenezwa na ini, na ini linajua jambo moja tu: mwilini kuna moto au hakuna. Ilishuka vizuri, sasa imepanda tena na homa juu yake. Maana yake kuna moto umejificha mahali. Daktari ameshaagiza utrasaundi. Tuutafute moto, tusitafute nani kauwasha." Akanitazama vizuri. "Umekula?"

"Hapana."

"Basi nenda ukale. Ukianguka wewe nitakutoa damu na wewe, na sitabembeleza."

Utrasaundi ilionyesha usaha umejikusanya chini kabisa, nyuma ya kibofu, kama ngumi ya mtoto. Daktari Mfupi alisema hutokea kidole tumbo kikipasuka, hata watu wakisafisha kwa uangalifu wote, na kwamba ndiyo sababu hawakuacha kumtoa damu kila asubuhi ingawa alikuwa anaonekana mzima. Watapitisha mpira mwembamba wautoe, na dawa watabadilisha.

Kabla hawajamchukua Pipi alinishika kidole kimoja. "Dada, usiondoke."

"Siondoki."

"Jana hukuja."

Nilisema sponji zililowa. Ndivyo ilivyokuwa, na sivyo.

Aprili 7

Mpira umetoa kikombe kizima cha kitu ambacho sitakielezea. Homa imeshuka. Nimemshikia beseni.

Aprili 8

110.

Aprili 9

70. Mama amelala mchana kutwa kwenye mkeka, mdomo wazi. Nilimfunika.

Aprili 10

42. Leo nilimwosha Pipi nywele kwenye beseni, Mama amekwenda kununua sabuni. Akafumba macho akasema kwa sauti ndogo, "Dada, nakuomba kitu. Mama akirudi mpeleke nje kidogo. Ananitazama kama sufuria ya maziwa. Nikigeuka anashtuka, nikikohoa anaita nesi. Nimechoka."

Nilimmwagia maji kichwani. Nikaona wivu hata wa hilo. Mtu amependwa mpaka amechoka, anaomba apunguziwe, na mwenzake amekaa pembeni na bakuli tupu.

Lakini nywele zake nilizikausha taratibu. Amekonda mpaka masikio yanaonekana makubwa. Sikuwahi kujua kwamba ana masikio kama yangu.

Aprili 11

Kumenyesha, kumeacha, kumenyesha.

Aprili 13

Mpira umetolewa. Yule bibi wa mlangoni ameruhusiwa, ametuaga kwa kumwambia Mbu amletee namba za Pipi nyumbani.

Aprili 15

9. Tisa! Mbu aliitangaza mlangoni kama matokeo ya mpira na wodi ikapiga makofi. Daktari Mfupi alishuka kwenye kibao chake akamkumbatia Mama, akamfika kifuani. Tumerudi nyumbani, mara hii kwa gari la Mama mdogo. Pipi chumbani kwangu, mimi kwenye kochi la mtu mwingine, la kahawia. Halina springi mbaya.

Aprili 17

Mama anafunga mizigo. Amekunja nguo zake zote, hata zile za baridi. Ameniuliza kama najua lilipo sanduku lake kubwa. Nikamletea. Nikafuta vumbi kabisa.

Aprili 19

Leo ndiyo walikuwa waondoke.

Mama mdogo alileta gari mlangoni. Mvua ilikuwa manyunyu tu. Pipi akapandishwa kiti cha nyuma na mito miwili, mito niliyoishona mimi jana kwa kitambaa kile alichokikata kikapinda. Mama akawa anazunguka nyumba anakagua madirisha, ananipa maagizo: gesi, paa, ufunguo kwa jirani. Mimi nilikuwa nimeshika sanduku lake. Alipofika mlangoni akanyoosha mkono achukue sanduku. Mkono wangu haukuachia.

"Fundi, leta."

"Mama, naona wivu."

Yalitoka yenyewe. Akadhani hakusikia vizuri. "Unaona nini?"

"Wivu. Namwonea Pipi wivu. Alivyokuja niliona wivu, alivyougua niliona wivu, sasa amepona nauona bado. Wewe unaondoka miezi mitatu na umeniaga kwa habari za gesi."

Mama alikaa chini, pale pale kwenye mkono wa kochi la kahawia, ambalo gundi yake haijakauka. Sikumwambia.

"Yule nimemlea kwa hofu," akasema baadaye. "Alizaliwa mdogo, kila kitu kinampata. Wewe sijawahi kukuogopea. Nikifumba macho najua upo."

"Najua hivyo. Ndicho kinachoniuma."

"Mbona hujawahi kuniomba kitu, wewe? Tangu utoto. Unanuna, unafanya kazi, unanuna. Mimi ningejuaje?"

"Naomba sasa."

"Nini?"

"Baki. Hata wiki mbili. Halafu nenda."

Nje honi ikalia. Mama alitazama mlango, akatazama sanduku, akanitazama mimi, na sikujua kabisa atasema nini. Ningeweza kumrahisishia. Ningeweza kusema natania, nenda tu. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Nikafunga mdomo.

Akatoka akasimama kwenye dirisha la gari. "Mama mdogo wako atakuwa na wewe mpaka mwisho wa mwezi," akamwambia Pipi. "Mimi nitakuja baadaye."

Mama mdogo akasema, "Kwani mimi sina mikono? Nitamuuguza mpaka anenepe."

Lakini Pipi aligeuka akanitazama pale mlangoni. Nyusi zimeshuka, midomo imekazwa, kidevu kimeinuka kidogo. Uso ule naujua, nimeuvaa mimi miaka mingi. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi. Nilikwenda dirishani nikamwekea mto sawasawa chini ya mgongo.

"Nitampandisha gari mwenyewe," nikamwambia. "Wiki mbili tu."

"Wiki mbili kweli?"

"Kweli."

"Usimzoee," akasema, na hakuwa anatania.

Mama aliporudi ndani kitambaa cha gauni lake kilikuwa kimebaki na gundi ya kochi. Alinilaumu nusu saa nzima. Nilimsafisha kwa pamba na spiriti.

Aprili 20

Mama amenuna leo. Anasema nyumba ina ukimya.

Aprili 22

Amempigia Pipi simu mara nne. Amekula vizuri, amelala vizuri, amekohoa mara moja. Nilitaka kuhesabu na mimi niko wa ngapi, nikaona nikate kitambaa.

Aprili 24

Mvua zimepungua. Nimerudisha makochi kibarazani, sebule imekuwa kubwa mpaka sauti inarudi.

Asubuhi Mama aliwasha redio, akamkuta mtangazaji mwingine, akaizima katikati ya salamu. Akaja kibarazani akakaa kwenye kochi la kahawia, upande ambao sijavisha kitambaa, akanitazama ninavyopiga misumari. Miaka yote hii redio ilikuwa inasema kwa niaba yetu. Aliniuliza sponji inatoka wapi, nikamwambia. Aliuliza kwa nini msumari wa kichwa kipana, nikamwambia. Maswali yakaisha, nikapiga msumari mwingine. Nikaanza kufikiri kwamba nimemzuia mtu bure.

"Na wewe," akasema, "tumbo halijawahi kukuuma?"

"Liliwahi."

"Lini?"

"Zamani. Mwaka ule najifunza kazi. Nililala chini ya meza ya kukatia siku nzima, nikadhani nakufa."

"Mbona sikujua?"

"Ulikuwa kwenye mahafali ya Pipi."

Mama alisogea kidogo kwenye kochi. Akapapasa sponji iliyo wazi pembeni yake, akafagia vipande vya uzi kwa kiganja mpaka pakawa safi.

"Njoo ukae hapa uniambie," akasema. "Anzia asubuhi."

Nikaweka nyundo chini.